Diski Iliyofanya Kazi Baada ya Chakula

Mnanicheka, najua. Nikipita pale mnapotengenezea simu mkaniita, "Mzee, hebu tuangalizie hii," kitu cha kwanza ninachouliza ni chaja iko wapi. Simu naiacha mezani kwanza. Chaja naigeuza, navaa miwani, nasoma yale maandishi madogo ya mgongoni mpaka mwisho, na nyinyi mnakonyezana. Mmoja wenu aliwahi kusema ninaisoma kama barua ya posa. Haya. Ketini niwaambie nilivyofika hapo, maana sikuzaliwa na adabu hiyo. Niliipata kwa kumuumiza mtu ambaye hakunikosea chochote.

Nilianza na redio. Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Hamisi, mtu wa Mumias, aliyekuwa na kibanda karibu na soko la Kakamega. Ukimletea redio iliyonyamaza, hakuishika. Alikusalimu kwanza, akakuuliza habari za nyumbani, kisha redio inakaa wapi, nani huiwasha, na inapata stima kutoka wapi. Mteja mwenye haraka alikasirika, na Mzee Hamisi aliendelea kuuliza vilevile. "Anzia ukutani," aliniambia. "Soketi, plagi, waya, chaja. Ukifika kwa mashine yenyewe, nusu ya ugonjwa umeshaujua." Niliyasikia maneno hayo kila siku kwa miaka minne mpaka nikayachoka.

Kisha nikaenda Nairobi kusomea kompyuta, nikarudi na cheti na tai mbili. Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, karibu na mwisho wake, na mjini kwetu kompyuta zilikuwa chache kiasi kwamba karibu zote nilizijua kwa sura. Nikakodi chumba, nikaweka meza, nikaanza kujiona. Kuanzia ukutani niliona ni mambo ya redio. Mwezi wa kwanza tu nilifungua printa ya ofisi fulani, nikaitandaza yote juu ya gazeti, skrubu moja moja, siku mbili nzima. Siku ya tatu mama mfagiaji akaniuliza kama sasa anaweza kurudisha ile plagi aliyoichomoa ili achomeke birika la chai. Ungedhani hapo ningejifunza. Wapi.

Basi akaja Mwalimu Sabeti. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa miaka sitini na kitu, nyumbani kwake upande wa Mukumu. Aliingia saa tatu asubuhi na kiondo begani, akatoa vitu vitatu na kuvipanga mezani kwangu: laptopu, diski ya nje na chaja. Kila kimoja kilikuwa na kitambaa chake cha kroshia. Si mnazijua nyumba za mama zetu? Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, hata chupa ya chai imevalishwa. Laptopu ilikuwa na cha kuifunika, diski ilikuwa na kifuko, na chaja ndiyo iliyovalishwa kabisa. Kitambaa chake kilikuwa cheupe chenye ukingo wa buluu, kimeshonwa kuizunguka pande zote mpaka zikabaki nyaya mbili tu zinachungulia.

Nilikisifu. Nikasema, "Mwalimu, hii kazi ni safi." Akafurahi kidogo, kisha akaiwekea mkono ile diski.

"Kijana wangu," akasema, "humu ndani mna dada yangu."

Akanieleza polepole, kama mtu anayefundisha darasa la tatu. Dada yake mkubwa, Nora, alikuwa mfinyanzi kule Ilesi maisha yake yote. Miaka mitano ya mwisho Mwalimu alikuwa akienda kuketi naye kila Jumamosi, Nora anafinyanga na kusema, yeye anaandika: majina ya udongo, majina ya kila umbo la chungu, makosa ambayo mfinyanzi hufanya kila mwezi wa mvua, namna ya kupanga moto. Maneno hayo alikuwa ameanza kutoyasikia tena kwa watoto, ndiyo maana akayaandika. Aliyaandika kwa madaftari, halafu kijana wake aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo akamletea laptopu na diski, naye Mwalimu akayachapa yote. Kijana akamwagiza, "Mama, weka kila kitu kwa hii diski ya nje. Hata wezi wakibeba laptopu, kazi yako itabaki." Naye akafanya hivyo bila kukosea siku moja. Madaftari yaliyobaki kwenye kabati yaliliwa na mchwa, kuanzia majalada. Nora naye akafariki.

"Ukumbusho wake ni mwezi wa kumi na mbili," akasema. "Nimeahidi ukoo kitabu. Kidogo tu, lakini kitabu. Nisomee watu maneno yake, kila mtu aende na nakala. Hayako mahali pengine popote."

Hapo ilikuwa mwezi wa tisa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Hilo ni neno ambalo fundi hupaswi kulisema kabla hujajua lolote, na mimi nililisema kabla hata sijachomeka waya.

Ngojeni niwaeleze diski za siku hizo, maana zenu zinaingia mfukoni na hazina maneno mengi. Ile ilikuwa na waya mnene wa kuingia kwenye tundu la printa, huo wa kupitisha habari. Stima yake haikutoka ukutani. Ilikuwa na waya mwembamba wa pili uliochomekwa kwenye tundu la kibodi, na hapo ndipo iliponyonya nguvu, kidogo kidogo, kutoka kwa laptopu. Yaani ilikuwa mgeni anayekula kwenye sahani ya mwenyeji. Mwenyeji akishiba, mgeni anapata. Hilo naliona leo kama mchana. Siku ile sikuliona.

Nikachomeka, nikawasha. Diski ikaguna, ikaanza kuzunguka, ikafika mahali ikakata. Tik. Ikajaribu tena. Tik, tik. Kimya. Nikafanya nilivyofundishwa Nairobi: nikaweka ncha ya bisibisi juu ya diski na mpini wake sikioni. Hiyo njia itumieni, ni nzuri, utasikia mota kama daktari anayesikia kifua. Mota ilikuwa nzima. Ilianza vizuri, halafu ikaishiwa pumzi. Nikabadilisha mipangilio, nikabadilisha waya mnene, nikaweka tena programu yake. Tik, tik.

Aliniachia vitu vyote siku nne. Kila asubuhi niliwasha, nikajaribu robo saa, nikashindwa, nikachomoa. Ilibidi nichomoe kwa sababu chumba changu kilikuwa na soketi mbili tu, na chuma cha kulehemu na taa ya mezani vilidai zote mbili. Siku ya nne nikaamua stima ya kwake ndiyo iliyoidhuru. Nikamwambia nitapeleka mwenyewe vitu vyake nyumbani nikapime soketi.

Nilifika kwake saa sita. Nilichomeka laptopu ukutani, nikaiweka juu ya meza, nikanyoosha mkono kuiwasha. Mwalimu akanishika mkono.

"Wewe umetoka mjini mpaka hapa uanze kazi na njaa? Watu watasema nini? Kaa hapo."

Nilipochungulia dirishani nikaona kuku niliyeandaliwa bado anatembea uani. Mnajua mambo ya kwetu. Mgeni hashiki kazi kabla hajala, na kama ni kuku, basi hata saa usiitazame. Ingokho ilichinjwa, ikanyonyolewa, ikachemka. Obusuma, yaani ugali, ikaja ya moto, na mboga, na chai baadaye. Kumbe mvua nayo imeanza, ile yetu ya saa nane inayopiga mabati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Nilinawa, nikamshukuru, nikawasha laptopu. Diski ikazunguka laini bila tik hata moja.

Nilitazama kioo. Faili zote za Nora zilikuwa pale, zimepangwa. Nikafungua moja, Mwalimu akasoma mistari michache kwa sauti na kucheka peke yake, akafuta macho. Mimi nikafunga mkoba wangu. Nikamwambia, "Ni soketi za kwangu zilizokuwa na shida. Hapa iko sawa." Nikaondoka nimeshiba na nimefurahi.

Sikunakili hata faili moja. Sikilizeni hapo vizuri. Kazi yote ya yule mama ilikuwa maandishi matupu, haina picha, ingeingia kwenye flopi mbili, zile diski bapa za kuhifadhia faili, na nafasi ikabaki. Ni kazi ya dakika ishirini. Diski mgonjwa ikikufungulia macho, usiulize imeponaje, nakili kwanza. Mimi nilienda zangu.

Kesho yake asubuhi alinipigia kutoka simu ya posta. "Imekataa tena," akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama ni yeye aliyeharibu.

Sasa hapo ndipo kichwa changu kilipoanza kuchemka. Nilirudi wiki iliyofuata. Nikafika, nikachomeka, nikazuiwa, nikalishwa, mvua ikanyesha, nikawasha, ikafanya. Nikapima soketi, nzuri. Nikasubiri nione kama itakata, haikukata. Nikarudi mjini, na asubuhi akapiga simu. Nikamwambia aniletee. Akaja nayo saa tatu, nikawasha: tik, tik.

Nilinunua daftari. Nikaandika kila jaribio: siku, saa, mahali, hali ya hewa, imefanya au haikufanya. Niliona nafanya sayansi. Na daftari likaanza kuniambia kitu: asubuhi, jua, haikufanya. Alasiri, mvua, ilifanya. Asubuhi, jua, haikufanya. Alasiri, mvua, ilifanya. Nililisoma na kulirudia. Basi nikapata jibu, na mpaka leo nikilikumbuka nasikia joto la aibu masikioni. Niliamua diski ile inataka baridi.

Mwalimu alikuwa na isiongo sebuleni, mtungi wa maji wa mikono ya Nora mwenyewe, mkubwa, unaotoa jasho kwa ubaridi. Nikamwambia aegemeze diski pale usiku kucha na mchana pia, na awe anaiwekea kitambaa chenye unyevunyevu kidogo juu. Nilimwambia hayo nikiwa nimevaa tai. Akanitazama.

"Kijana wangu, umeme na maji?"

"Mwalimu, ni unyevu tu. Nimefanya utafiti."

Alitii. Mwalimu aliyefundisha watu kusoma kwa miaka thelathini alitii kwa sababu mimi ndimi niliyesomea. Kwa karibu wiki tatu diski ilikaa ubavuni mwa mtungi, na Mwalimu alikuwa akijaribu kusahihisha sura ya mwisho, ile ya kuchoma vyungu, ambayo Nora alikuwa amemwambia akiwa tayari mgonjwa. Siku nyingine ilifunguka, siku nyingine ilikata katikati ya sentensi. Akaniletea tena mjini. Siku hiyo nilikuwa na hasira, si naye, na ile diski. Niliwasha na kuzima, nikawasha na kuzima, nikihesabu. Mara kumi na nne. Karibu na mwisho mlio ulibadilika, tik ikawa na mkwaruzo ndani yake, krr, kama ukucha juu ya bati. Nilisikia vizuri. Nilikuwa na bisibisi sikioni. Na bado nikajaribu mara mbili zaidi.

Nawaambia hivi ili mjue kuchanganyikiwa si dhambi. Sisi sote huchanganyikiwa. Shida ni fundi aliyechanganyikiwa anayeona haya kusimama, mikono inaendelea kufanya kazi huku kichwa kimepotea njia.

Zikabaki wiki mbili ukumbusho ufike. Nilikwenda kwake kwa haraka, nilikuwa na mteja Malava alasiri hiyo hiyo. Mvua ilikuwa inanyesha tangu saa sita, kwa hiyo nilikuwa na imani. Mwalimu akasema chakula kiko karibu. Nikasema, "Leo nisamehe, Mama, sitakula." Akarudi jikoni. Nikaketi kando ya mtungi, mvua inapiga bati, baridi ipo, unyevu upo, kila kitu kama daftari lilivyosema. Nikawasha. Tik, tik, krr. Kimya.

Kila nilichokijua kilikuwa uongo. Nikaangalia daftari, nikaangalia dirisha, nikaangalia diski. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, kijiko cha mbao mkononi.

"Hukula," akasema.

"Mwalimu, tafadhali."

"Mimi nasema tu nilichoona. Ukilanga, inafanyanga. Leo hukula."

Sijui kama alikuwa ananitania. Uso wake ulikuwa umechoka. Nilizima laptopu, nikaenda mezani, nikala. Saa moja na nusu ilipita. Nikarudi, nikawasha, na diski ikafunguka, ikikwaruza kidogo lakini ikafunguka, na faili za Nora zikajipanga mbele yangu. Nilianza kufikiria mambo ambayo mtu mwenye cheti hafikirii. Nikapapasa mkoba nitafute flopi, safari hii nilikumbuka kunakili, lakini flopi nilikuwa nimeziacha mjini. Mwalimu naye hakuwa nayo hata moja, na kunakili ndani ya laptopu yenyewe hakukunijia akilini. Nikazima kila kitu, nikamwambia asiiguse, nikatoka. Mteja wa Malava hakuniona siku hiyo. Nilienda moja kwa moja kwa Mzee Hamisi.

Nilikuwa sijamtembelea kwa muda mrefu, na nilijua kwa nini. Nilimkuta kibandani. "Assalam aleikum, mzee," nikasema, nikijaribu kucheka. "Nimepata mashine inayofanya kazi nikila tu." Nikamhadithia yote kama kichekesho, mtungi na daftari na kuku. Yeye hakucheka. Aliweka chini redio aliyokuwa nayo.

"Wewe ukikula," akauliza, "hiyo mashine inafanya nini?"

"Inakaa tu mezani."

"Imechomolewa?"

"La, iko ukutani. Imezimwa tu."

"Masaa mawili iko ukutani imezimwa. Na betri yake ndani?"

Betri ilikuwa inajaa. Kila mara nilipokuwa nakula, betri ilikuwa inajaa, na nilipowasha, chaja haikuwa na mdomo wa kulisha isipokuwa laptopu na diski. Mwalimu alitumia betri jioni ikaisha, asubuhi akachomeka na kuwasha papo hapo, na chaja ikalazimika kulisha betri yenye njaa, na laptopu, na diski inayosubiri nyuma kabisa. Hata mezani kwangu ilikuwa hivyo, robo saa halafu nachomoa. Na ile siku sikula, nilifika betri ikiwa tupu nikawasha papo hapo. Mvua haikuwa na habari na sisi hata kidogo. Mvua ilikuja tu saa ya chakula.

"Lakini chaja nzuri hulisha vyote vitatu," nikasema.

"Imeandikwa ampea ngapi?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Imeshonewa kitambaa, mzee. Ni kazi ya mkono ya yule mama. Ningewezaje kumkatia?"

Mimi nilitaka anitukane, ingekuwa nafuu. "Ungemwomba," akasema. "Wewe unaingianga kwa watu, unakula kuku wao, na unaona haya kuwaomba wembe." Akaniambia nitoe betri kabisa kwa laptopu kabla ya kuwasha tena, chaja ibaki na kazi moja, na nibebe flopi.

Asubuhi nilikuwa Mukumu na flopi kumi. Nilimwambia Mwalimu ninachotaka. Akashtuka, akaikumbatia ile chaja kidogo, kisha akaketi na kuanza kuchomoa nyuzi mwenyewe kwa sindano, tundu moja baada ya jingine. Hakutaka wembe. Alipoivua nikaona kwa nini alikuwa ameshtuka. Chaja ilikuwa imefungwa utepe mweusi mahali pawili, na ilikuwa ya printa fulani ya zamani. Nikaigeuza. Volti zilikuwa sawasawa na zile zilizoandikwa chini ya laptopu. Ampea, yaani wingi wa stima inayoweza kutoa, zilikuwa nusu.

"Ile ya kwanza ilipigwa na radi mwezi wa nne," akasema bila kuniangalia. "Kijana wangu alikuwa ametumia jasho lake kuninunulia. Niliona haya kumwambia. Mpwa wangu akanitafutia hii, ikaingia, taa ikawaka, nikasema basi. Nikaivalisha isionekane ubaya wake." Akakunja kile kitambaa mara mbili, mara nne. "Nilidhani ukiona utanicheka."

Kumbe sote wawili tulikuwa tunaona haya, miezi mitatu, juu ya kitu kimoja.

Nikatoa betri. Nikafuta diski kwa kitambaa kikavu, nikaisogeza mbali na mtungi. Nikawasha, ikafunguka, betri haipo na hakuna aliyekula chochote. Nikaanza kunakili. Udongo ukaingia. Vyungu vikaingia. Mvua, magonjwa ya chungu, nyimbo za kukanda, vyote vikaingia kwenye flopi, na Mwalimu alikuwa anavitaja majina kadiri vinavyopita. Ikaja faili ya mwisho, ya kuchoma. Diski ikakwaruza, krr, ikarudi nyuma, ikajaribu tena. Nikazima, nikasubiri, nikajaribu kutoka upande mwingine. Nilijaribu njia zote nilizozijua na mbili nilizozibuni. Haikusomeka. Ilikuwa ndiyo faili aliyokuwa akiisahihisha diski inapokata, na mahali ilipolala ndipo mimi nilipokwaruza kwa majaribio yangu kumi na nne na mengine.

Nilimweleza. Nilimweleza kwamba kama ningenakili siku ile ya kwanza, ingekuwepo. Nilisema yote, hata mkwaruzo niliousikia nikaendelea. Aliniambia, "Nimekusikia." Kisha akaenda jikoni na kukaa huko kwa muda, na mimi nikabaki sebuleni na zile flopi.

Kitabu kilitoka. Tulikichapa na kukibana kwa pini, kurasa arobaini, na ukurasa wa mwisho Mwalimu aliacha kichwa tu, "Kuchoma," na chini yake mistari mitupu. Siku ya ukumbusho alisimama mbele ya hema akasoma. Watu walicheka mahali Nora alipowasema wanunuzi wanaogonga chungu kama mlango, wakanyamaza mahali pengine. Alipofika ukurasa ule akasema, "Hapa Nora alisema mengi, lakini yalipotelea kwa mashine." Hakunitaja. Nilikuwa benchi la tatu.

Mama mmoja mzee, mfinyanzi wa Ilesi, akajibu kutoka alipoketi, "Alianza na nyasi kavu chini." Mwingine akasema hapana, Nora alianza na matawi. Wakabishana. Wa tatu akaingilia, na wa nne, na Mwalimu akanitazama mara moja, nami nikatoa kalamu. Niliandika kwenye ile mistari mitupu haraka kuliko nilivyowahi kuandika. Nyasi, matawi, upande wa upepo, saa ya kufunika, rangi ya moshi unaosema chungu kimeiva. Ukurasa ukaanza kujaa, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kujisikia nafuu.

Kisha yule mama wa kwanza akasema, "Limebaki neno lake. Lile alilouambia moto kabla ya kuuwasha." Akawaeleza vijana kwamba kila mfinyanzi alikuwa na lake, hupewa na aliyemfundisha, na halisemwi mbele ya wengine. Wakageuka wote kumtazama Mwalimu. Nora alikuwa amemwambia yeye peke yake, wiki za mwisho kitandani.

Mwalimu alisimama na kitabu mkononi. Midomo yake ilisogea kidogo, ikatulia. Nilimwona akilitafuta.

"Nililiandika," akasema mwishowe. "Nililiandika ndio nisilazimike kulikumbuka."

Akaketi. Watu walikuwa wakiningoja niandike, na mimi nikaacha nafasi.